Nukta Nyeupe ya Kaseti Namba Tatu

Waliomwita Bi Kinyaa hawakumsingizia. Mwanamke yule alifungua milango kwa kiwiko. Hakukaa kwenye benchi kabla ya kulipangusa, na akipewa mkono na mgeni alitabasamu vizuri tu, ila jicho lilikuwa tayari linatafuta bomba la maji. Wenzake wa hospitali walimcheka mbele yake na nyuma yake kwa miaka ishirini na sita, naye hakuwajali. Alikuwa na hoja moja: wao ni wachafu, yeye si mchafu, na anayetaka kubishana naye akanawe kwanza.

Tusimcheke haraka. Baba yake alikuwa msafisha matumbo machinjioni. Kazi yake ilikuwa kuyakamua matumbo ya ng'ombe, kuyageuza ndani nje, kuyasugua na kuyasuuza kutwa nzima, miguu ikiwa ndani ya maji ya kijani. Jioni alirudi na viatu vyake vya mpira, akaviweka nyuma ya mlango wa chumba walicholala watoto sita, na harufu ile ikalala nao. Shuleni wasichana walihama benchi, akabaki peke yake. Mzee alimpenda binti yake, akamtania, akamletea peremende mfukoni. Lakini binti hakupokea kitu cha kula kutoka mkononi mwa baba yake hata siku moja. Baba alijua. Akawa anaweka chakula cha binti kwenye sahani, kisha anaisukuma mezani kwa mpini wa kijiko ili vidole vyake visiiguse. Alikufa akiwa bado anaisukuma hivyo.

Siku kaka yake alipovunjika mkono, daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha na msichana akaiona. Mfupa mweupe, nyama kama moshi, hakuna damu, hakuna harufu. Mtu ameonekana hadi ndani na hakuna aliyechafuka. Aliamua palepale kwamba hiyo ndiyo kazi yake: kuona matumbo ya watu bila kuyashika. Alisoma kwa taabu, akafeli mara moja, akarudia, akaipata.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido. Kilikuwa na meza ndefu ya kulaza wagonjwa, mtambo uliokaa juu yake, aproni nzito iliyotundikwa kwenye msumari, na pembeni chumba cha giza cha kusafishia picha. Na kaseti tano. Kaseti ni boksi bapa lenye umbo la sinia, na ndani yake filamu hukaa katikati ya karatasi mbili nyeupe, ngumu. Punje moja ya vumbi ikiingia humo, kwenye picha hutokea nukta nyeupe, na daktari mwenye haraka anaweza kuiona kuwa jiwe, au kipande cha chuma, au ugonjwa ambao mtu hana. Kwa hiyo Bi Kinyaa alizipa kaseti zake namba kwa rangi nyekundu ya kucha, moja mpaka tano, na kila asubuhi kabla ya chai alizifungua zote akazipangusa kwa kitambaa laini alichokifua mwenyewe nyumbani. Daktari akithubutu kumuuliza kama nukta fulani ni uchafu, alinuniwa siku mbili. "Kwenye kaseti zangu hakuna vumbi," ndiyo ilikuwa kauli yake, na hospitali nzima iliijua.

Hata hivyo alikuwa na kanuni ya kuondoa mashaka. Nukta ikitokea mahali pasipoeleweka, mgonjwa anarudishwa mezani, anapigwa picha nyingine kwa kaseti nyingine. Nukta ikibaki na kaseti, ni uchafu. Nukta ikimfuata mtu, ni ya mtu. Aliwafundisha hivyo wanafunzi wote waliopita mikononi mwake, na katika maisha yake aliivunja kanuni hiyo mara moja tu.

Sasa, alikuwepo shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, mlinzi wa ghala la saruji, na mtaani walimwita Kijiti kwa sababu kijiti cha kuchokolea meno hakikumtoka mdomoni, awe anakula au anasali. Kama kuna mtu aliyeumbwa makusudi ili amtie Bi Kinyaa wazimu, ni huyo. Alikuja kila Jumapili bila kukosa, viatu vimejaa vumbi la saruji. Alikata kucha akiwa kwenye kochi, vipande vikaruka hadi kwenye zulia. Alichovya mkate kwenye chai ya mtu mwingine. Alipenga kamasi kwenye kitambaa, kisha akakifungua akakitazama kwa makini kama mtu aliyepokea barua.

"Usiguse," Bi Kinyaa alimwambia tangu anaingia mpaka anatoka. Usiguse pazia, usiguse kopo la sukari, usiguse mtoto hujanawa. Kijiti naye alilidaka neno hilo akaligeuza mchezo. Alibana pua, akainua kidole kimoja, akasema "Usiguse" kwa sauti ya shemeji yake haswa, watoto wakagaragara kwa kicheko, na hata kaka yake, fundi cherehani mpole asiye na makuu, akageukia ukutani ili mkewe asimwone meno. Mwisho wa rafu kulikuwa na kikombe chenye mstari wa buluu ukingoni, kimesimama peke yake mbali na vingine. Hakuna aliyewahi kusema kwamba ni cha Kijiti. Mwenyewe alikichukua kila Jumapili bila kuambiwa, akanywea, akakirudisha palepale.

"Shemeji," aliuliza siku moja, kijiti kikicheza mdomoni, "hivi nikifa utaniosha kwa ufagio?"

Wote walicheka isipokuwa shemeji mwenyewe. Hakucheka kwa sababu suala hilo alikuwa ameshaliwaza, na alikuwa ameamua kwamba kazi hiyo atawaachia wengine.

Basi Jumatatu moja saa sita mchana, wakati walinzi wanabadilishana zamu pale ghalani, mwenzake Kijiti alikuwa anafuta bunduki ya marisau, ile inayotema chembe nyingi kwa mpigo, ambayo aliapa kwamba haina kitu. Ilikuwa nacho. Kijiti aliletwa hospitali nyuma ya gari la saruji, ameketi wima, shati limetota damu, na amini usiamini, kijiti kiko mdomoni. Alipoingizwa chumba cha eksirei alimwambia Bi Kinyaa kwamba amemletea kazi, asije akalalamika tena kuwa hamletei zawadi. Moyo wa mwanamke ulipasuka kwa hofu, hilo tulikubali, maana shemeji ni shemeji. Lakini alivaa glavu jozi mbili.

Picha ya kifua ilitoka safi. Chembe za risasi zilikuwa kumi na mbili, kila moja ukubwa wa mbegu ya papai, zimetawanyika begani na kifuani, mbili zikiwa karibu kabisa na moyo. Daktari kijana aliyekuwa zamu alizihesabu, Bi Kinyaa akazihesabu, wakakubaliana, ikaandikwa kumi na mbili. Bingwa wa upasuaji alikuwa safarini hadi Alhamisi. Mapigo yalikuwa mazuri, pumzi nzuri, na mgonjwa alikuwa anawatania wauguzi. Daktari kijana akaamua zibaki humohumo, kwani watu wengi wanazeeka na vyuma mwilini. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga.

Jumanne ilipita salama. Wiki hiyo mafundi walikuwa wanabomoa dari la korido, na vumbi la chokaa lilijaa hadi kwenye kope za watu. Bi Kinyaa alikuwa vitani. Alibandika matambara chini ya mlango wa chumba cha giza, akaenda kumtolea uvivu katibu wa hospitali mara tatu, akaambiwa avumilie. Stoo nayo ilikuwa imebakiwa na filamu chache, na amri ilikuwa kila mgonjwa apigwe picha moja tu hadi shehena nyingine ije.

Jumatano asubuhi Kijiti aliangusha kikombe cha chai. Muuguzi wa wodi, mama mnene mwenye maneno mengi, alisema ulimi wake ulikuwa mzito, anaongea kana kwamba ameweka kiazi cha moto mdomoni. Daktari kijana alidhani labda aligonga kichwa alipoanguka siku ya ajali, akaagiza picha ya fuvu.

Wakamleta kwa kiti cha magurudumu. Hapa ndipo pa kutazama vizuri, maana yote yalitokea ndani ya robo saa. Kijiti alikuwa anatoka udenda upande wa kulia wa mdomo, udenda mzito wenye makombo ya mkate, unaoteremka kidevuni hadi kwenye bandeji ya bega, na bandeji yenyewe ilikuwa na doa la njano lililokauka pembeni. Alinuka jasho na kidonda. Juu ya hayo yote Bi Kinyaa alisikia harufu kali ya kileo, na kichwani mwake kesi ikaisha. Alijua wale walinzi wenzake walivyo. Wamekuja kumtazama, wamemfichia chupa chini ya godoro, na huyu mshenzi, na vyuma kumi na viwili kifuani, amekunywa hadi ameshindwa kumeza mate yake.

"Shi," alisema Kijiti. "Shi... shi."

"Nyamaza, usinitemee," alimjibu.

Alimlaza kichwa chini ya mtambo, kaseti namba tatu chini yake, kitambaa kikiwa juu ya kaseti. Udenda ulitiririka ukalowesha kitambaa, ukafika mezani, ukamgusa kwenye mkono wa koti lake jeupe, wenye joto, wenye utelezi. Alirudi nyuma ya ukuta wa kinga akabonyeza kitufe akiwa amebana pumzi, akawaita watu wamtoe upesi. Aliisugua meza mara tatu. Alibadilisha koti. Alijipaka spiriti hadi kwenye viwiko, kisha ndipo akaingia chumba cha giza.

Fuvu halikuwa na ufa. Lakini upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, kulikuwa na nukta nyeupe, ndogo, ya duara, yenye ukingo mkali kama tundu la sindano kwenye pazia.

Daktari kijana aliiinua picha kwenye mwanga, akaigusa kwa kalamu. Aliuliza, kwa adabu ya mtu anayejua atanuniwa, hiyo nukta ni nini.

Bi Kinyaa alitazama nje ya mlango. Kijiti alikuwa bado koridoni kwenye kiti chake, kichwa kimeinama, uzi mrefu wa mate umetoka mdomoni ukafika kwenye mapaja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unampungia. Kanuni ilikuwa moja na aliijua kuliko mtu yeyote duniani: arudishwe mezani, kaseti nyingine, dakika tano. Meza ilikuwa bado inameremeta kwa spiriti. Kinyaa kilimkaba tena kwa kuwaza tu kile kichwa kinarudi pale juu.

"Ni uchafu wa kaseti," alisema. "Vumbi la hao mafundi."

Kijana alishangaa, akauliza kama kweli hata kaseti zake. Akamjibu kwa ukali kwamba hata zake, kwani yeye ni malaika? Yakaishia hapo. Angesema mtu mwingine yeyote, daktari angeuliza mara ya pili. Aliamini kwa sababu aliyesema ni Bi Kinyaa, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kukubali kwamba kaseti yake ina hata punje.

Alhamisi asubuhi alizifungua kaseti kama kawaida. Alipofika namba tatu aliisogeza kwenye taa na kuitafuta ile punje. Karatasi zilikuwa nyeupe, hazina hata unywele. Alijiambia kwamba ilianguka alipotoa filamu. Akapangusa, akakitazama kitambaa: cheupe. Akapangusa tena. Uchafu ambao kwa mara ya kwanza maishani aliutaka uwepo, haukuwepo.

Alikwenda wodini kabla ya chai. Kijiti alikuwa amelala chali, mkono wa kulia umewekwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Kijiti cha meno hakikuwepo. Bi Kinyaa alimvuta pembeni muuguzi wa wodi, akauliza chupa wameikuta wapi.

"Chupa gani, dada?"

"Jana alikuwa ananuka pombe."

Muuguzi alimtazama, kisha akacheka kwa upole, akamwambia hakuna mgeni aliyeingia tangu Jumatatu, walinzi wote wako polisi wanahojiwa. "Harufu hiyo ni yako wewe. Hizo spiriti unazojipaka, tunajua umepita hata kama hatukukuona."

Alishika mwenyewe kiti cha magurudumu. Hakuomba ruhusa ya filamu na hakumwita mtu wa kumsaidia. Alimkumbatia shemeji yake kifua kwa kifua, mdomo ule unaovuja ukiwa shingoni mwake, akamlaza mezani. Kaseti namba moja, kifua. Kaseti namba tano, kichwa. Aliposafisha picha ya kifua aliitundika kando ya ile ya Jumatatu na kuhesabu kwa ncha ya sindano. Kumi na moja. Alihesabu kutoka chini kwenda juu. Kumi na moja. Mojawapo ya zile mbili zilizokuwa karibu na moyo haikuwepo. Kisha akaitundika ya kichwa, na nukta ilikuwa palepale juu ya sikio la kushoto. Ilikuwa imemfuata mtu.

Alikaa kwenye kiti bila kukipangusa.

Bingwa wa upasuaji alikuwa ametoka safari asubuhi hiyo, hata mkoba hajauweka chini. Daktari kijana alipoziona picha mbili alisema haiwezekani, risasi iliyolala kifuani haiwezi kuamka ikaenda kichwani. Bingwa hakubishana naye. Alizitazama muda mrefu, kisha akaeleza polepole, akichora kwa kidole kwenye kioo cha taa. Chembe ilikuwa imetoboa mshipa wa damu unaotoka kwenye pafu na ikabaki hapo mlangoni, imening'inia. Baada ya siku mbili ilichomoka. Damu ikaibeba hadi ndani ya moyo, moyo ukaipiga teke, ikapanda kwa mshipa mkubwa wa shingo upande wa kushoto, na kila mshipa ulivyozidi kuwa mwembamba ndivyo ilivyozidi kubanwa, mpaka ikakwama kwenye ubongo na kuziba njia kama jiwe kwenye bomba. Nyuma yake hakuna damu iliyopita. Upande huo wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Ndio pia wenye maneno.

Bi Kinyaa alisikiliza. Aliona kitu kile kikisafiri: chuma chenye mafuta ya bunduki, chenye nyuzi za shati la jasho na vumbi la saruji, kinapita katikati ya moyo wa mtu, mahali ambapo hata hewa haifiki. Hakuwahi kuwaza uchafu unaofika huko. Alikimbilia sinki akatapika.

Alipogeuka, bingwa alikuwa anauliza kwa nini mgonjwa hakupelekwa hospitali kubwa jana. Jana ingekuwa afadhali sana, alisema; katika saa za mwanzo kuna vitu vya kujaribu, leo kazi ni kuokoa roho tu na kuzuia ile nyingine isifuate. Daktari kijana alitazama sakafu. Saini kwenye ripoti ya jana ilikuwa yake.

Gari lilimchukua Kijiti kabla ya saa nne. Mchana mganga mkuu wa hospitali aliwaita ofisini bingwa, daktari kijana na Bi Kinyaa, na alikuwa ameshapata njia ya kuwatoa wote salama. Ripoti ingesema kwamba kwa sababu ya ukarabati wa dari kaseti zilikuwa na vumbi siku hiyo, kwa hiyo nukta haikuweza kutofautishwa. Mafundi wangelaumiwa, na mafundi walikuwa wa kampuni ya nje. Ilikuwa njia nyepesi. Daktari kijana alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Kaseti ilikuwa safi," alisema Bi Kinyaa.

Mganga mkuu alimwambia asiwe mgumu, hakuna anayemshuku.

"Ilikuwa safi. Nilisema chafu kwa sababu mgonjwa alikuwa ananitia kinyaa, na sikutaka kumlaza tena kwenye meza yangu. Andika hivyo. Huyu kijana aliniuliza, mimi ndiye niliyemdanganya."

Mganga mkuu alisema neno kama hilo haliandikwi kwenye ripoti. Bi Kinyaa akamwambia basi ampe kalamu, ataliandika mwenyewe, na akaliandika. Alipata barua ya onyo kali na akaondolewa kwenye kufundisha wanafunzi. Kwa kosa alilofanya, nasema mimi, ilikuwa adhabu ya kupapasa.

Adhabu yenyewe ilikuwa kwenye banda la cherehani. Alimkuta mumewe anashona sare ya shule, akamweleza yote akiwa amesimama, bila kujipunguzia. Mguu wa fundi ulisimama juu ya pedali. Alikata uzi kwa meno, akalaza nguo kwenye mapaja.

"Angekuwa mtu mwingine," alimuuliza, "si mdogo wangu, ungerudia picha?"

Angeweza kusema hajui. "Ningerudia," alisema.

Mumewe aliitikia kwa kichwa, akarudisha mguu kwenye pedali. Hakumsemesha kwa wiki tatu, na alipoanza tena ilikuwa kwa mambo ya nyumbani: chumvi imekwisha, mlango unalia.

Kijiti hakufa. Hospitali kubwa walimfungua kifua wakatoa ile chembe ya pili iliyokuwa inanyemelea mshipa, wakaiacha ya kichwani ilale ilipo, na baada ya miezi miwili walimrudisha kwa kaka yake kwa sababu hakuwa na mke wala mtoto. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa. Mguu aliuburuta. Na maneno yalikuwa yameondoka yote: matani, uongo, nyimbo alizoimba vibaya, majina ya watoto wa kaka yake. Yote isipokuwa moja.

Walilisikia siku ya kwanza sebuleni. Kaka yake alimuuliza kama safari ilimchosha.

"Usiguse," alisema Kijiti.

Watoto waliganda. Bi Kinyaa alidhani ametukanwa, na aliona ni haki yake kutukanwa. Lakini wakamuuliza kama ana njaa, akasema usiguse. Wakamuuliza kama anaumwa, akasema usiguse, machozi yanamlenga, kwa sababu alijua anachotaka kusema na alisikia kinachotoka. Mtaalamu wa mazoezi aliyekuja baadaye alieleza kwamba hutokea hivyo, neno moja lililotumika sana hubaki kama kiatu kimoja baada ya mafuriko. Hakujua neno hilo limetoka wapi. Watu wote waliokuwa chumbani walijua.

Sasa Bi Kinyaa huamka mapema zaidi. Kabla ya kwenda kazini humwosha shemeji yake uso, shingo, mikunjo ya mkono uliokufa ambako jasho hugeuka utando mweupe, humpangusa mdomo, humbadilisha nguo zilizoloa. Hufanya kwa mikono mitupu. Msidhani kinyaa kimemtoka; hakijamtoka. Tumbo humpanda kila siku, na siku nyingine hugeuza uso akameza mate machungu, kisha akaendelea. Kijiti humtazama usoni na kusema "Usiguse", na yeye hajui kama ni salamu, au shukrani, au ni kweli anamwomba asiguse.

Siku moja tu alijua. Ilikuwa Jumapili, asubuhi ya pili tangu arudi. Alimmiminia chai kwenye kikombe cha familia, moja kati ya vile vizuri vyenye maua, akakiweka mbele yake. Kijiti alikitazama. Akainua mkono wa kushoto, akachukua kijiko, na kwa mpini wa kijiko akakisukuma kikombe polepole mezani, mpaka kikafika upande wa shemeji yake, bila kidole chake kukigusa.

"Usiguse," alisema, na akaelekeza mpini wa kijiko mwisho wa rafu, kwenye kikombe chenye mstari wa buluu.

Bi Kinyaa alisimama pale, mkono umeshika ukingo wa meza. Hakumwona Kijiti. Alimwona mzee mwenye vidole vya kijani, anasukuma sahani. Kisha alikwenda akakitoa kile kikombe kwenye rafu, akamimina chai, akanywa yeye kwanza mafunda mawili, na akaketi kumnywesha kilichobaki.